Wakasema Sina Kitu

Kosa langu la kwanza lilikuwa la lugha. Nilimwambia daktari, kwa Kifaransa nilichojifundisha mwenyewe: “J'ai mal au cœur.” Sentensi hiyo nilikuwa nimeitunga nyumbani siku moja kabla, nikaikagua neno kwa neno katika kamusi yangu isiyo na jalada. Mal ni maumivu. Cœur ni moyo. Kila neno lilikaa mahali pake. Daktari akaitikia kwa kichwa, akaniuliza nimekula nini, akanibonyeza tumbo, akaandika dawa. Nikatoka kwenye ile zahanati nikiwa na chupa ya kuzuia kutapika.

Kwa Kifaransa, mtu mwenye mal au cœur ni mtu anayesikia kichefuchefu. Sikujua. Moyo wangu ulikuwa unakimbia kama mtu anayefukuzwa, nami nikawa nakunywa dawa ya tumbo, kijiko asubuhi na kijiko jioni, kwa uaminifu wote, nikishangaa kwa nini siponi.

Aibu ile ilinichoma zaidi kwa sababu ya kazi yangu. Nilikuwa mchoraji wa vibao, Cibitoke, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura ambako kila nyumba ya pili ni karakana au duka. Boutique, quincaillerie, salon de coiffure, pharmacie: maneno hayo yote niliyaandika mimi, kwa brashi, juu ya milango ya watu. Shule niliiacha vita vilipoikata njia ya kwenda shuleni, na tangu siku hiyo nilijifundisha mwenyewe kila kitu kwa hasira ya mtu aliyenyang'anywa. Mteja akiniletea neno lenye kosa, silichori. Nilikuwa tayari kumrudisha mtu nyumbani kwa sababu ya herufi moja. Sasa mtu huyohuyo, mwalimu wa tahajia wa mtaa mzima, alikuwa amekwenda kwa daktari akakosea ugonjwa wake.

Aliyeligundua kosa ni jirani yangu wa kazi, fundi wa kuchomea vyuma, Mwislamu wa ukoo wa zamani wa mjini, aliyenizidi miaka mingi na kunitania kila siku ya Mungu. Karakana yake na kibanda changu vilitenganishwa na bati moja tu. Aliiona chupa juu ya meza yangu kati ya makopo ya rangi, akaichukua, akaisoma, kisha akaita barabara nzima.

“Njooni muone! Professeur ana mimba!”

“Rudisha chupa yangu.”

“Hii dawa mke wangu alikunywaka mimba ya kwanza. We mimba yako ya miezi ngapi?”

“Ni dawa ya roho.” Kwetu mjini, moyo unaopiga tunauita roho.

“Ya roho? Ulimuambia docteur nini?”

Nikamwambia. Akaiweka chupa chini polepole, akajifuta macho kwa kucheka. “Kosa ni la we mwenyewe, basi! Patron wangu wa zamani, yule Mubelgiji wa garage, akikunywa sana, asubuhi yake analia mal au cœur, mal au cœur, anakimbia nyuma ya gari. Ni kutapika, we! Kamusi yako haikukuambia?”

Haikuniambia. Na mama mdogo, dada ya mama yangu aliyenilea, alipopata habari hizo (kila mtu alizipata), hakucheka. Aliniuliza tu, akiwa anachambua mchele: “Docteur anajua Kirundi, Kiswahili anajua. Kwa nini haukumuambia tu roho inakupiga?”

Jibu ninalo sasa, na bado linanikera. Niliogopa kwamba ugonjwa ukisemwa kwa Kiswahili utapewa kidonge cha kichwa. Nilikuwa nimewaona wanawake wa mtaa wetu wakieleza maumivu yao vizuri kabisa, kwa lugha yao, kwa mpangilio, na mtu wa zahanati akiandika mstari mmoja bila kuinua macho. Nilidhani kwamba nikiusema moyo wangu kwa lugha ya karatasi, utaingia kwenye karatasi.

Lakini nianze pale ugonjwa ulipoanza. Nilikuwa juu ya ngazi, nachora mkia wa herufi Q ya quincaillerie kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mkia wa Q hauna huruma, ukitetemeka kidogo unakuwa mjusi. Asubuhi ilikuwa tulivu. Hakuna risasi, hakuna lori la askari, mtoto fulani alikuwa anaviringisha ringi ya baiskeli chini. Ghafla moyo ukaruka, kisha ukaanza kukimbia, na sikuona unakimbilia nini. Vidole vikafa ganzi. Nikaliona shimo la lami chini yangu, nikajiona nimelala ndani yake na watu wakisema, alikuwa kijana mzuri, alikuwa anaandika vizuri. Niliteremka nikiwa nimeikumbatia ngazi kama mlevi anayekumbatia nguzo.

Kilichonikasirisha ni kwamba siku za mabomu moyo huohuo ulikuwa umetulia. Mabomu ya waasi yaliposhuka kutoka milimani tukalala chini ya kitanda, mama mdogo akisoma dua zake, nilikuwa nimelala nikifikiria, kwa utulivu wa mtu aliyeko kwenye foleni, kwamba nimesahau kufunika kopo la rangi nyeupe. Moyo haukuharakisha. Ulingoja. Ulingoja asubuhi nzuri, jua zuri, mkia wa Q, ndipo ukanidai.

Baada ya ile chupa ya mimba, nilikwenda kliniki nyingine, mjini. Safari hii niliiandaa sentensi isiyoweza kukosewa: moyo wangu unapiga haraka mno. Niliisema. Daktari mwenye miwani akanisikiliza kifua, akanipima damu, mwisho akanilaza kwenye kitanda na muuguzi akanibandika vibanio baridi kwenye mikono, miguu na kifua. Mashine ikatema karatasi ndefu yenye miraba midogo, na juu yake mstari mweusi unaopanda na kushuka. Daktari akaitazama kama mtu anayetazama risiti, akaandika chini yake neno moja: normal.

“Tu n'as rien,” akasema. Halafu, labda kwa sababu sura yangu haikubadilika, akarudia kwa Kiswahili. “Hauna kitu.”

“Lakini unakimbia, Docteur.”

“Unakimbia, ndiyo. Haina ubaya. Uko unaogopa kitu?”

“Apana.”

“Basi. Lala vizuri. Epuka makelele. Punguza kahawa. Na ukipata nafasi, toka kidogo mujini, nenda Kajaga ku ziwa, utazame maji.”

Nilitoka pale nikiwa na karatasi yangu, na nilipofika barabarani ndipo hasira iliponishika. Epuka makelele! Ningemwomba nani ayapunguze? Ningepanda milimani niwaambie wenye mizinga kwamba daktari amesema? Lala vizuri, katika mji ambao watu walilala na viatu. Na lile swali: uko unaogopa kitu? Aliuliza kama mtu anayeuliza kama una mzio wa karanga. Nyuma yake dirishani kulikuwa na mkanda wa karatasi uliobandikwa kwa umbo la msalaba ili kioo kisitawanyike bomu likianguka karibu. Mkono uliobandika mkanda ule ulikuwa unaogopa. Lakini mkono huo uliandika normal, nami ndiye niliyetakiwa kutokuwa na sababu ya kuogopa.

Nami niliitikia. Nilisema apana. Hilo simbebeshi mtu mwingine. Vijana wa umri wangu hawakusema ninaogopa; ukisema, watu wanauliza unamwogopa nani, na kwa nini yeye, na wewe ni wa nani. Katika miaka ile, hofu ilikuwa na kabila na mtaa. Tukaziba midomo, na walioziba midomo wakaambiwa hawana kitu.

Karatasi ile niliikunja, nikaiweka kwenye mfuko wa plastiki, nikawa natembea nayo ndani ya shati. Moyo ukianza, naitoa, natazama neno normal, natulia kidogo, kisha nawaza: hii ni ya wiki iliyopita. Ya leo ni ya namna gani? Basi naweka vidole shingoni kupima. Nilipima nikinywa chai. Nilipima mteja akiwa anazungumza. Kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa na rangi, shingo yangu ikawa na alama, na mama mdogo alijua nimechora nini siku hiyo kabla sijasalimu.

“Leo ulifanya kazi ya bluu,” anasema. “Osha shingo, ukule.”

Ngazi sikupanda tena. Nilichora chini chini: sehemu za chini za milango, masanduku, mikokoteni, bei za nyanya kwenye ubao. Wateja wa vibao vya juu wakaanza kwenda kwa mchoraji mwingine, kijana wa mtaa wa pili aliyekuwa na ngazi mbili na hakuwa na kamusi hata moja. Mtaa ukajaa makosa. Boutike. Cofure. Niliyapita yale maandishi nikiwa nimekunja uso kama mtu anayepita mahali palipooza samaki, na vidole shingoni.

Kisha ikaja kazi ambayo kila mchoraji wa mji huu angeitaka. Mwenye ghala moja katika Zone Industrielle, kule karibu na bandari, alikuwa ameona herufi zangu za zamani, akataka ukuta wake mrefu uandikwe ENTREPÔT ET TRANSIT, yaani ghala na usafirishaji, juu kabisa, karibu na paa, ili isomeke kutoka barabarani. Nilisema ndiyo kabla sijautazama ukuta. Nilipoutazama, nikamwambia rangi haijafika. Alipouliza tena, nikasema brashi pana haijafika. Fundi wa vyuma akanitengenezea ngazi mpya yenye kulabu juu za kushika ukingo wa paa. Nikamwambia rangi yake ya kuzuia kutu haijakauka.

“Inakauka tangu wiki jana,” akasema. “Hata Ziwa Tanganyika lingekuwa limekauka.”

“Nikifa kule juu?”

“Si karatasi inasema hauna kitu?”

“Karatasi haipandi ngazi.”

Alinitazama bila kucheka, jambo lisilo la kawaida kwake. “Professeur, ukiuacha ukuta huu, hautachora tena. Utakuwa unaandika bei ya nyanya mupaka uzeeke. Mi nakuambia kama ndugu.”

Nilijua ni kweli. Mwenye ghala alikuwa amesema atangoja mpaka Jumatatu.

Jumamosi ya kabla yake fundi alikuwa na geti la kufunga Kajaga, kwenye nyumba iliyoko ufukweni mwa ziwa. Geti lenyewe na mashine ya kuchomea vilikuwa vimekwisha kupelekwa. Zilibaki bawaba na vyuma vya kukazia. “Docteur si alisema utazame maji?” akasema. “Panda nyuma.” Nikapanda kwenye karia ya baiskeli yake, sanduku la vifaa mapajani, vipande vya chuma vimefungwa ubavuni kwa mpira. Tuliteremka kuelekea barabara inayokwenda mpakani mwa Kongo. Upande mmoja tambarare na ziwa, nyuma yetu milima.

Barabarani kulikuwa na bariyeri: kamba iliyofungwa kati ya mapipa mawili, na askari wawili. Moyo ulikuwa umeanza kabla sijaiona kamba. Na mkono wangu, uliozoea, ukaingia ndani ya shati kushika kifua.

“We wa nyuma! Toa mukono!”

Fundi akasimamisha baiskeli ghafla mpaka sanduku likanipiga kidevuni.

“Polepole. Nilisema polepole!”

Nikautoa, mtupu. Askari aliyekuwa anapiga kelele alikuwa kijana kama mimi, bunduki imenielekea tumboni. “Unaficha nini?”

“Sifichi kitu, chef. Nilikuwa nashika roho.”

“Unashika nini?”

“Roho. Inanipiga.”

Akasogea, akaweka kiganja chake juu ya kifua changu, kama daktari. Akamgeukia mwenzake. “Eh! Gusa huyu. Roho inakimbia kama ya mwizi.” Kisha kwangu: “Umefanya nini?”

“Sijafanya kitu.”

“Mutu hajafanya kitu, roho yake inatulia.”

Nimelifikiria neno hilo miaka mingi na bado linanipandisha damu. Kliniki, moyo ukikimbia, huna kitu. Bariyeri, moyo ukikimbia, una hatia. Hakuna mahali hata pamoja katika mji wetu ambapo mtu aliuhesabu mwendo ule kuwa jibu la kawaida la mwili kwa bunduki iliyoelekezwa tumboni.

Kiganja chake kilisikia plastiki. Akaivuta kutoka ndani ya shati, akaikunjua ile karatasi, na ikawa ndefu kuliko alivyotarajia. Aliishika mbele ya macho yake, akainua uso, akatazama milima nyuma yetu, akarudi kwenye karatasi.

“Hii ni nini?”

“Ni karatasi ya roho yangu.”

“Mi naona milima.”

Mimi, niliyeitazama karatasi ile kila siku, sikuwahi kuiona hivyo. Lakini sasa niliona. Mstari ulipanda kwa ncha kali, ukashuka bondeni, ukalala kidogo, ukapanda tena, sawasawa na milima iliyokuwa nyuma yetu. Milima ileile waliyokaa watu ambao askari huyu alitumwa kuwatafuta.

“Ni milima ya huku ao ya Kongo?” akauliza.

“Ni roho, chef. Walinipima na mashini.”

“Na hii V ni nini? V moja, V mbili, V tatu. Village? Village ya kwanza, village ya pili?” Kidole chake kilikuwa kinafuata herufi ndogo ambazo mashine huandika pembeni. Mimi, mwenye kamusi, sikuwa nimewahi kuuliza V ni nini. “Na hapa chini mumeandika normal. Njia ni normal? Inapitika?”

Fundi akajaribu. “Chef, huyu ni muchoraji wa vibao. Yeye angechora milima, angeiandika na majina, bila kosa, bila faute hata moja.”

“We nyamaza. Na hivi vyuma ni vya nini?”

“Vya geti.”

“Kaeni chini. Mikono ku kichwa. Wote.”

Tukakaa kwenye changarawe, kwenye jua, mikono kichwani. Yule mwenzake akaondoka na redio yake kutafuta mkubwa wao, akakawia. Moyo wangu ulikimbia namna ambayo haujawahi kukimbia. Niliusikia masikioni, kwenye meno, kwenye vidole vilivyoshikana juu ya nywele. Na sikuweza kupima. Ndilo jambo ninalolikumbuka kuliko bunduki. Shingo yangu ilikuwa pale, vidole vyangu vilikuwa pale, na kati yao palikuwa na amri. Kwa mara ya kwanza tangu mkia wa Q, moyo ulikimbia bila mtu wa kuuhesabia. Ukakimbia, ukachoka kidogo, ukakimbia tena. Fundi pembeni yangu alikuwa akinong'ona jina la Mungu. Sikufa. Nilisubiri kufa kwa makini sana, kama ninavyosubiri rangi ikauke, na sikufa.

Mwenzake alipokuwa bado mbali, askari wetu akachuchumaa mbele yangu. Bunduki aliilaza mapajani. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

“Kweli ni roho?”

“Kweli, chef.”

“Na usiku? Inakupiga na usiku?”

“Na usiku.”

“Kama mutu anapiga mulango?”

“Kama hivyo.”

Akatazama karatasi. “Walikuambia ni ugonjwa gani?”

“Walisema sina kitu.”

Akatoa pumzi puani, isiyo kicheko kamili. “Walisema hivyo.” Halikuwa swali, na sikujua kama anasema juu yangu au juu yake mwenyewe. Akaikunja karatasi kwa mikunjo yangu ileile, akairudisha kwenye plastiki, akaitia kwenye mfuko wa kifua wa sare yake na kufunga kifungo.

“Endeni. Haraka, mwenzangu hajarudi.”

“Karatasi yangu, chef.”

“Hii inabaki.”

“Ni ya kwangu. Ni roho yangu.”

Fundi alikuwa amekwisha kuinua baiskeli na kunivuta kwa mkanda wa suruali. “Panda, we! Roho iko kwako, ile ni karatasi!”

Tulikwenda. Kuna watu nikiwasimulia huwa wanapenda sehemu hiyo, askari kuchuchumaa na kuuliza. Wanasema, unaona, naye ni mtu. Ninajua ni mtu. Hilo silipunguzii kitu. Mtu huyo alinikalisha kwenye changarawe kwa kosa la kuwa na mapigo, akaninyang'anya ushahidi pekee niliokuwa nao kwamba mimi ni mzima. Kama alikuwa na moyo unaompiga usiku, pole yake, nasema kwa kweli. Lakini nani alimweka pale kwenye kamba, na nani aliweka mizinga milimani, na kwa nini sisi wawili tuliokuwa na umri mmoja ndio tulioambiwa hatuna kitu?

Kajaga tulifunga geti. Nilimshikia bawaba, naye akachomea. Tulipomaliza tukasimama ukingoni. Mitumbwi ya wavuvi ilikuwa imepinduliwa mchangani.

“Tazama maji,” fundi akasema.

“Nimetazama.”

“Umepona?”

“Apana.”

“Docteur wa bure, huyo.” Tukacheka mpaka mwenye nyumba akatoka kutazama kama tumelewa.

Jumatatu asubuhi niliamka nikiwa na mpango wa kurudi kliniki nikadai karatasi nyingine. Nilikuwa nimeshavaa. Fundi akaja mlangoni akihema kutoka kwenye baiskeli: yule mchoraji wa mtaa wa pili ameonekana Zone Industrielle, ngazi yake iko ukutani. Mwenye ghala amechoka kungoja.

Nilikwenda. Nilikuwa najiambia nakwenda kumwomba mwenye ghala siku mbili nyingine. Tulipofika, yule kijana alikuwa juu, ameshachora kwa chaki neno la kwanza. Nilisimama barabarani nikalisoma. Alikuwa ameandika ANTREPOT.

Herufi zilikuwa kubwa kama watoto. Zingesomeka kutoka bandarini. Kila lori lingepita hapo kwa miaka, na kila dereva angesoma ANTREPOT.

“Teremka,” nikamwambia.

“We ni nani?”

“Teremka! Inaanza na E!”

“E ao A, mutu anaelewa!”

Sijui niliyoyasema baada ya hapo. Fundi anadai nilimtolea kijana yule hotuba ndefu kuhusu herufi E, na kofia ya herufi O, na watu wanaosema mtu anaelewa, watu wanaosema normal, watu wanaosema huna kitu, mpaka wapakiaji mizigo wakaacha magunia wakaja kusikiliza. Mwenye ghala akatoka ofisini. Akauliza ipi ni sahihi. Nikamwonyesha ankara zake mwenyewe, zilizochapwa ENTREPÔT. Kijana akateremka akinilaani, na fundi akaitundika ngazi yangu, aliyokuwa ameshaileta hapo pamoja na rangi bila kuniambia, kulabu zikashika ukingo wa paa.

Ndipo nikakumbuka kwamba ni lazima nipande.

Moyo ulianza nikiwa sijafika katikati. Mkono ukaenda kifuani kutafuta plastiki, na hapakuwa na plastiki, palikuwa na shati tu. Nilikasirika upya, kama nimeibiwa sasa hivi. Kwa hasira hiyo nikapanda iliyobaki. Nikafuta A kwa kitambaa. Mkono mmoja ulishika ngazi, wa pili brashi. Shingo ilibaki bila mtu. Moyo ulikimbia katika ENTREPÔT yote. Ulikimbia hata nilipoweka kofia juu ya O. Ulitulia kwenye ET, sijui kwa nini, ukarudi kwenye TRANSIT, na R yake ikatoka na mguu uliotetemeka.

Kesho yake nilirudi kuirekebisha ile R. Mwenye ghala alisema haionekani kutoka chini. Ilionekana. Nilipanda, nikaisahihisha, nikateremka, na jioni mama mdogo alinitazama mlangoni.

“Leo haukufanya kazi?”

“Nilifanya.”

“Shingo yako safi.”

Moyo wangu bado unakimbia, siku nyingine bila sababu na siku nyingine kwa sababu nzuri. Sitembei tena na karatasi. Ngazi ninapanda. Na daktari akiniuliza kama kuna kitu ninachoogopa, ninamjibu ndiyo, ninamtajia, na ninamjibu kwa Kiswahili.